Diski Zilizoondoka Bila Kuaga

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa nane 2025. Gitega.

Dorotea amenipigia simu kutoka Muyinga. Nilikuwa nakunywa chai. Nikajua ni yeye kabla sijaangalia jina. Mi niko na hiyo kipaji, hata simu ikiwa imezimika najua nani alitaka kupiga.

Habari yake: kuganduka, kumaliza matanga, ya bwana yake, marehemu Adriano, itakuwa Jumamosi tarehe 16. Imechelewa miaka. Kumaliza matanga ni watu kula na kunywa, na Dorotea alitaka kwanza nyumba ipate bati. Sasa bati iko juu, watu wanaitwa. Na anataka kwangu kitu kimoja tu: video ya harusi yao, ile ya 2016. CD yake ilioza wakati nyumba haina paa. Na mtoto wao Emiliana alikuwa hajajua hata kutembea baba yake alipokufa.

"Baba Radjabu," ananiambia kwa ile Kiswahili yake safi ya Kigoma, "mwanangu hajawahi kuijua sauti ya baba yake. Nataka aisikie siku hiyo, mbele ya watu wote."

Nikamwambia: mama, we lala usingizi. Kila harusi niliyopiga iko ndani ya mashini yangu, na mashini yangu iko na mbio kushinda zote za Gitega. Ukiiambia fungua, inakuambia nilishafungua jana!

Na ile harusi mi naijua kuliko bwana arusi. Mi ndiye nilikuwa msemaji wa upande wa Dorotea, kamera nilimuachia msaidizi wangu. Familia yake walirudi kutoka Tanzania bila mzee wa kuwasemea, wakanichagua mi, jirani yao, Mwislamu, kati ya Wakristo wote wa Muyinga. Ile hotuba — mama wee! Nilisema ng'ombe za baba yake Dorotea kule Kigoma zilikuwa nyingi mpaka treni ilisimama mchana mzima ikingoja zipite. Kulikuwa na Mzungu, alilia. (Ndani ya video haonekani. Alikaa nyuma.)

Hiyo hotuba ndiyo inacheza kwenye televisheni ya mbele ya studio, asubuhi mpaka jioni. Ikiisha inaanza tena. Watu wanasimama. Zakaria, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, anasema juu ya kelele yangu anakata wateja masikio. Wivu. Mbele sijaleta televisheni alikuwa anawakata vilevile.

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane 2025

Raissa amefika. Ni mtoto wa dada yangu Zawadi, amesoma informatique, mambo ya kompyuta, Bujumbura. Mi ndiye nilimfundisha kuwasha radio akiwa mdogo, donc elimu yote imeanzia kwangu. Anafungua tawi la studio Muyinga. Harusi zote za watu wa Muyinga zitahama zimfuate, na ya Dorotea iko ndani yao.

Nikasema: bon, tunatia kwenye flash, tunaenda. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Tonton, huu ni mzigo wa miaka kumi. Flash gani hiyo?"

Akanieleza. Niliitika kama mtu anayesikia kitu anachokijua, lakini kusema kweli ilikuwa mpya. Ndani ya mashini iko diski nyingi, na zimepangwa kwa makundi. Kundi la diski ni kama lupango: ukuta mmoja, mwenyewe mmoja. Ndani ya lupango iko manyumba — hayo wanayaita volumu, ndimo video zinalala. Sasa nyumba moja inaweza kuwa na sebule juu ya diski hii, na jiko juu ya diski ile! We unayeingia huoni kitu. Anayejua ni programu moja tu, meneja wa volumu. Huyo ndiye chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, anajua kila tofali.

Ukitaka kuhamisha nyumba kwenda kundi lingine, kwanza unamwambia meneja asukume vipande vyote vikae juu ya diski zitakazosafiri. Halafu diski hizo zinatengwa, zinakuwa kundi jipya, jina lake Muyinga. Halafu — hapo Raissa akainua kidole — kundi linaaga. Mashini ya Gitega inakubali kwamba imeliachia. Ndiyo unatoa diski, unabeba, na mashini ya kule inazipokea.

"Na lisipoaga?" nikauliza.

"Mashini ya kule itakataa. Itaona ni mali ya mtu mwingine."

Nikapiga meza! Raissa, mama yangu, hii ni gusaba, kuomba bibi arusi! Binti hatoki kwao kama mbuzi aliyekata kamba. Wanamuomba, wanamtoa, wanamuaga, wengine wanampokea. We ulienda université kujifunza kazi mi nafanya kila Jumamosi?

Akafikiri kidogo. Akasema, "Franchement, tonton, ni hiyohiyo."

Mchana alikuja mteja wa Buraza, alitaka picha ya pasipoti. Nilimueleza mambo ya volumu mpaka akasahau kutabasamu. Alitoka akiamini ni mi niliitunga hiyo meneja.

Jumatano, tarehe 6 mwezi wa nane 2025

Nimeona muujiza.

Harusi za Muyinga zilikuwa zimetawanyika, nusu huku nusu kule, zimelala pamoja na kwaya ya Mutoyi na ubatizo wa Nyarusange. Raissa akaandika amri, meneja akaanza kusukuma vipande. Na huku kule mbele hotuba yangu inaendelea kucheza! Haikukatika hata neno. Nyumba inahama, na watu ndani wako wanakula.

Nilivuka barabara kumuambia Zakaria. Nilimuambia kwamba kule jeshini (sikuwahi kwenda jeshini, lakini yeye hajui) niliwahi kuhamisha nyumba ya kapiteni kutoka kilima mpaka kilima, mke wake akiwa jikoni, na maharagwe hayakumwagika.

Zakaria akasema, "Na we ulikuwa upande gani, wa nyumba au wa maharagwe?"

Wateja wake wakacheka. Mmoja akakatwa sikio. Mi sikuwa nimesema neno wakati huo, iandikwe.

Ijumaa, tarehe 8 mwezi wa nane 2025

Tulifunga studio, tukaenda kwenye sala. Televisheni nikaizima, Raissa akabaki na mashini. Narudi nakuta Raissa ameshatenga. Kundi la Muyinga limezaliwa, diski mbili, ziko zinakaa ndani ya mashini yangu kama mabinti waliokwisha kuchumbiwa.

"Imekubali haraka," anasema, "kwa sababu hakukuwa na mtu ndani."

Nikamwambia hapana, ni juu ya dua yangu. Nikarudi kuwasha televisheni.

Jumapili, tarehe 10 mwezi wa nane 2025

Raissa ametangulia Muyinga na mashini yake, aende kuweka umeme sawa. Mi nitamfuata na diski siku Matata, dereva wa teksi, akipata mafuta ya Probox yake. Ameniachia kazi moja: kuziagisha. Amri ni mstari mmoja, amenibandikia kwenye ukuta.

"Tonton, hakikisha hakuna mtu anatumia ile volumu. Meneja akikataa, usimlazimishe. Nipigie."

Mi? Nipige simu kuuliza? Nimeozesha nusu ya Muyinga. Najua kumtoa binti nyumbani.

Jumanne, tarehe 12 mwezi wa nane 2025

Siku ya kazi nyingi. Naandika kidogo kidogo.

Asubuhi niliifungua harusi ya Dorotea kwenye programu ya kukata video. Nataka kumpelekea kitu safi. Kusafisha tu. Mbuzi anatolewa manyoya mbele ya kupikwa.

Ile hotuba yangu pale mwisho iko na mkia. Namaliza kusema, Adriano anapokea mikro, ananijibu. Maneno mafupi, watu wanacheka sana. Mi najua wanacheka nini, siandiki hapa. Kwenye televisheni ya mbele ile sehemu haijawahi kucheza: nilipanga ikifika kwa mkono wa Adriano inarudi mwanzo. Sasa kuganduka watakuja watu wa vilima vyote. Kuna haja gani ya kuwaonyesha mambo yaliyopita?

Nimekata.

Ni kweli, ni pale tu Adriano anaposema zaidi ya neno moja mawili. Lakini kanisani padri anamuuliza, anajibu "Ndiyo, nakubali." Inasikika vizuri. Kwa mtoto inatosha. Mtoto mdogo, maneno mengi ya nini? Na akitaka zaidi, sauti ya Adriano ilikuwa ya puani kidogo, mi naweza kuiiga. Mi naiga sauti za watu wote. Niliwahi kuiga ya Amisa, mke wangu, kwenye simu, mama yake akaongea na mi mpaka vocha ikaisha.

Nikabonyeza: ihifadhi mahali pa ile ya zamani. Ikaanza kuandika, pole pole. Imechukua muda. Nikaiacha.

Mchana nikajaribu ile amri ya kuaga. Meneja anakataa! Anasema volumu inatumika.

Inatumika na nani?

Niliangalia chini ya meza. Nikatazama nyuma ya mlango. Nikatoka mpaka kwa Zakaria, nikamuambia atoke ndani ya volumu yangu. Akasema yeye hajaingia hata ndani ya studio yangu toka Ramadhani. Nikarudi. Nikasoma bismillahi. Nikajaribu tena — inatumika. Nikasimama mbele ya mashini kama kwenye gusaba, nikasema: enyi wazazi wa Gitega, tumekula, tumekunywa, binti tumempenda, mtupe njia. Inatumika!

Ile sauti yangu kule mbele, inasema mambo ya treni, ndiyo peke yake ilikuwa inanipa moyo.

Jumatano, tarehe 13 mwezi wa nane 2025. Muyinga.

Matata amepata mafuta. Alikuja na honi. Gari imejaa, hataki kungoja, anasema mafuta yake yanakauka kwa kusimama. Nikapiga amri: inatumika. Honi. Amri: inatumika. Honi!

Bon. Mtu mzima anaamua.

Nilifungua ubavu wa mashini nikazitoa zile diski mbili kwa mkono. Mashini ilitoa kasauti kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nikazifunga ndani ya kitenge cha Amisa, nikapita mlango wa nyuma, nikaingia gari.

Njiani Raissa akapiga. "Tonton, zimeaga?"

"Zimeaga vizuri," nikasema. "Mashini ilitoa machozi."

Safari ya kupitia Karuzi ilikuwa tamu. Mama aliyekaa karibu na mi aliniuliza nabeba nini kwa heshima hivyo. Nikamuambia: mabibi arusi wa Muyinga wote, na mabwana zao, na wapishi, na ng'ombe. Akauliza, "Na wanapumua?" Nikaiga sauti ya bibi arusi ndani ya kitenge: "Kidogo, mama!" Gari yote ikacheka. Matata akapoteza gia.

Ile furaha ikaisha pale tunashuka. Mwenye pikipiki mmoja aliniona, akapiga kelele mpaka kwenye soko: "Yewe! Ng'ombe ya Mikro imerudi!"

Miaka yote hii. Na watu wanadhani nilihamia Gitega juu ya biashara.

Ni juu ya biashara. Biashara pia.

Alhamisi, tarehe 14 mwezi wa nane 2025

Siku mbaya.

Raissa ametia diski zangu ndani ya mashini yake, ameiambia ipokee. Imekataa. Inasema hili kundi bado ni la mashini ya Gitega.

"Tonton. Ziliaga?"

"Naapa."

"Meneja alijibu nini?"

"Alijibu... vizuri."

Akaniangalia kama daktari anavyoangalia mtu aliyesema hajanywa. Hapo simu yake ikalia. Ni Amisa, kutoka Gitega. Mke wangu akiwa na jambo la kucheka sauti inapanda, nilisikia yote.

"Raissa! Muambie Baba Radjabu televisheni yake imekwama toka jana! Imekwama yeye amefungua mdomo! Meno yote yako nje! Watoto wanakuja kuhesabu. Zakaria ameleta benchi, watu wanakaa!"

Raissa akaweka simu mezani. Taratibu.

"Tonton, televisheni ya mbele ilikuwa inasoma video kutoka wapi?"

Mungu wangu. Harusi ya Dorotea. Ile volumu. Mtu aliyekuwa ndani... ni mi! Nilikuwa nakagua chini ya meza na huku niko mlangoni napiga kelele za treni!

Nilifikiri atanipigia kelele. Alicheka mpaka akalia, na baadaye akaacha kucheka. Ile kuacha ndiyo ilinitisha.

"Umeiba bibi arusi, tonton. We, msemaji. Umemtoa mlango wa nyuma kwenye kitenge na wazazi wako mezani."

Iko njia ya nguvu. Meneja wa Muyinga anaambiwa afute jina la mashini ya Gitega, achukue kundi bila ruhusa. Lakini lazima kwanza ile mashini ya Gitega izimwe kabisa, zisije mashini mbili zikasema bibi ni wangu. Raissa akampigia Amisa.

"Shangazi, zima kila kitu."

"Nizime na mdomo?"

"Zima na mdomo."

Nilisikia watu kule barabarani wanasema ooooh. Waliumia.

Kundi likapokelewa. Harusi zote zimekuja nzima, moja moja Raissa akazifungua, watu wanacheza, watu wanakula brosheti. Ya Dorotea peke yake — inafunguka mwanzo, halafu inazima. Raissa akachungulia zaidi. Akageuka na kiti chake chote.

"Hii haikuwa inasomwa tu. Nani alikuwa anaandika juu yake?"

Nikasema nilikuwa nasafisha.

"Ulikuwa unasafisha nini?"

Nikasema vumbi.

Ijumaa, tarehe 15 mwezi wa nane 2025

Nimemuambia. Hakuna namna, aliona mwenyewe nimekata wapi.

Nilidhani atasema neno kali. Alisema tu, "Tonton, ile ndiyo sehemu Dorotea ameomba." Afadhali angenipiga na kiatu.

Maneno yenyewe, wacha niandike, hakuna anayesoma hapa. Ile siku nilimaliza treni yangu, na ng'ombe zake, na Mzungu. Nikampa Adriano mikro. Yeye mtu mpole, mlimaji, hakuna aliyejua kwamba anaweza kufungua mdomo mbele ya watu. Akasema puani, pole pole: "Namshukuru msemaji. Hizo ng'ombe za baba mkwe nimezitafuta njia yote, nizisalimie. Nimeonana na moja tu. Iko hapa, imetoka kushika mikro, na bado inalia."

Tent ilianguka. Nasema kweli, nguzo moja ilianguka, mtu aliishika akicheka. Hata baba yake Dorotea! Hata mi, ndani ya tumbo, nilicheka kidogo. Ilikuwa nzuri. Ingekuwa yangu ningeicheza kwenye televisheni miaka kumi.

Na baadaye alikuja mezani kwangu na Fanta, akanipa kwa mikono miwili, akasema kwao ng'ombe ndiyo kitu cha kwanza mtu anapenda. Hiyo watu hawakuisikia. Watu walibaki na jina.

Raissa amenieleza hali iko namna gani. Kama mashini yangu ilikuwa imemaliza kuandika ile niliyokata, maneno ya Adriano yamefutika, basi. Kama ilikuwa haijamaliza nilipoitoa diski, ile ya zamani inaweza kuwa bado iko chini, inangoja. Ameanzisha programu ya kuitafuta kipande kwa kipande. Hajui. Mi pia sijui. Niliondoka bila kuangalia.

Leo Wakristo wako kwenye misa ya Assomption, Maria kupalizwa mbinguni, sisi tuko kwenye sala ya Ijumaa. Muyinga yote iko inaomba, watu wanaomba mvua, afya, wachumba. Mi peke yangu nilikuwa naomba mashini yangu iwe ilikuwa mvivu. Miaka yote nawaambia watu iko na mbio! Ee Mola, ikiwa niliwahi kusema uongo, uwe ni huo.

Natoka msikitini, Dorotea yuko barabarani na Emiliana, wanarudi kanisani. Kasichana kembamba, nguo nyeupe. "Shikamoo, babu." Puani! Ile ile sauti! Hakuwahi kumsikia baba yake na anayo ndani ya pua. Nikamjibu marahaba mara mbili. Dorotea akashangaa, akaniuliza kama ninaumwa.

"Video iko tayari, Baba Radjabu?"

Nikasema iko inavaa.

Jumamosi, tarehe 16 mwezi wa nane 2025

Naandika nyuma ya spika. Hapa hakuna anayeniona.

Lupango ya Dorotea imejaa mpaka kwa jirani. Bati mpya inawaka. Longino, kaka mkubwa wa Adriano, ameshasema maneno ya kutoa matanga, watu wamekunywa, Wakristo na mirija yao, sisi na Fanta zetu. Raissa ameweka shuka kwenye ukuta na projekteri. Asubuhi programu yake ilifika mwisho, imeokota faili ya harusi, bila jina, namba tu. Hatukupata nafasi ya kuiangalia yote. "Tutaiona pamoja na watu," alisema. Hakuniangalia.

Imeanza.

Kanisa. Padri anauliza. "Ndiyo, nakubali." Emiliana ameruka kwenye benchi. Amemshika mama yake mkono. Anasema "Tena!" Watu wanamuambia ngoja, iko zaidi.

Iko zaidi...

Sasa ni mi. Mi juu ya ukuta, mwembamba, na koti ya kuazima. Watu wa Muyinga wameanza kucheka mapema, wanajua nini inakuja. Kila mmoja amekuja kuisikia, mi ndiye nilidhani watakuwa wamesahau!

Lakini huyu mtu anasema sana! Kila siku namsikia kule Gitega, sikuwahi kuona ni mrefu hivi. Treni bado haijafika hata Uvinza. Maliza, bwana! Mpe mtu mikro!

Treni imesimama. Ng'ombe zimepita. Ninashusha mikro.

Mkono wa Adriano unatokea. Naona saa yake. Vidole vinashika—

Imesimama.

Mkono uko pale ukutani. Hausogei. Sauti hakuna.

Raissa ameinama juu ya mashini yake. Ananionyesha kiganja: bado, bado inajaribu kusoma, usiniulize. Kuna mtu amekohoa. Longino ameinuka, amekaa tena.

Dorotea amekuja mpaka huku nyuma ya spika. Alikuwa anajua niko wapi, siku zote. Hana hasira. Ingekuwa afadhali.

"Baba Radjabu, watu wengi wamemsimulia mwanangu maneno yale. Anayajua kwa moyo. Sauti ndiyo hajui." Na sasa pole pole: "Wewe si huwa unaiga sauti za watu wote?"

Nikamwambia mama, subiri kidogo, mashini itaamka. Nikamwambia naweza kuwapa ile ya kapiteni na maharagwe. Ameniachia mikro juu ya magoti, ameenda kukaa na mtoto.

Emiliana amegeuka. Ananitazama hapa, kupitia kati ya spika na ukuta. Mwenye pikipiki wa juzi ananong'ona kitu, jirani yake anampiga kiwiko.

Nimejaribu ndani ya pua, chini chini. "Namshukuru msemaji..." Iko. Inatoka kabisa.

Raissa bado ameinua kiganja.

Bon. Ng'ombe inasimama.